Wakikukamata kwa Kuzurura, Uliza Kifungu

Saa kumi alfajiri Laini Saba, mtaani Kibera, Nairobi, huwa imeshaamka. Wapo wanaofuata reli kwa miguu kwenda vibarua Industrial Area, mama mboga wanawahi soko la Marikiti, na mabawabu wa usiku wanarudi kulala. Yeyote kati yao anaweza kusimamishwa na polisi, na jibu lake lisipomridhisha afisa, apandishwe Mariamu, gari la polisi. Akiuliza kosa, huambiwa amekuwa akizurura.

Kutembea usiku si kosa nchini Kenya. Kukaa baze, yaani kijiweni, bila kazi wala shilingi mfukoni si kosa pia. Sheria ya Uzururaji, yenye mizizi ya kikoloni, ilifutwa mwaka 1997. Kilichobaki ni kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, kinachowalenga watu kinaowaita wavivu na wakorofi, kwa mfano wanaocheza kamari isiyoruhusiwa au kufanya vitendo vya aibu hadharani. Zipo pia sheria ndogo za jiji kuhusu kero, ambazo kanjo, yaani askari wa kaunti, huzitumia. Kwa hivyo uliza kwa adabu: nimefanya nini, na ni kifungu kipi? Usikimbie wala usisukumane na afisa, maana hapo utakuwa umempa kosa ambalo hakuwa nalo.

Ukifikishwa kituoni, kifungu cha 49 cha Katiba ndicho ngao yako. Lazima uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na wakili au jamaa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeishia wikendi. Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, haliruhusu uwekwe rumande. Kosa la kwanza chini ya kifungu cha 182 ni kifungo cha mwezi mmoja. Kuzua fujo, shtaka jingine linalopendwa sana vituoni, ni miezi sita. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha.

Asubuhi katika Mahakama ya Kibera kuna mtego mwingine. Utashauriwa ukubali kosa, ulipe faini ndogo, urudi nyumbani. Kama hukufanya kosa, kataa. Hukumu huingia kwenye rekodi, na siku ukiomba cheti cha tabia njema ili upate kazi, faini ile ndogo inaweza kukugharimu ajira.

Nchi nyingine za Afrika zimeshaanza kuzitupa sheria za uzururaji, ambazo mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kosa la uzururaji katika kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kutafuta riziki. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za aina hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Uganda ilifuata mwaka 2022 kupitia Mahakama yake ya Kikatiba. Maoni ya Arusha si amri kwa Kenya, lakini Katiba yetu inasema mikataba tuliyoiridhia ni sehemu ya sheria zetu, na Mkataba huo wa Afrika tumeuridhia. Kwa maoni yangu, kifungu cha 182 kinamwadhibu mtu kwa umaskini wake, na hakistahili kubaki vitabuni.

Ukidaiwa kitu kidogo au ukipigwa, andika jina la afisa au namba yake, saa, mahali, na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, bila malipo. Askari wa kaunti hawako chini ya IPOA. Hao walalamikie kwa Tume ya Haki ya Utawala.