Dawa ya Kiwele na Jinsi ya Kuitia



Wengi wenu hufika ofisini kuulizia "ile tyubu ya kiwele". Mimi ni karani tu, siye daktari wa mifugo, lakini nilisomea ualimu, na somo hili nimelisikia kwa Bwana Mifugo mara nyingi.

Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia kwa tundu la chuchu. Mikono michafu, zizi la matope, na kitambaa kimoja cha kupangusia ng'ombe wote ndivyo huvieneza. Kila asubuhi kamulia maziwa ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe cheusi. Ukiona mabonge, maji maji au damu, ama robo moja ya kiwele imevimba na ina moto, mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming huko London mwaka 1928, huua vijidudu vingi vya kiwele, si vyote. Ndigana ya kupe haiponyi hata kidogo. Anayemdunga ng'ombe wa ndigana penisilini peke yake anatupa fedha.

Ukipewa tyubu, kwanza kamua robo ile mpaka iwe tupu. Nawa mikono kwa sabuni. Pangusa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, kisha ingiza mdomo wa tyubu kidogo tu, usisukume ndani sana. Tyubu moja ni ya robo moja, usigawanye. Halafu kanda dawa kwenda juu.

Maliza tyubu zote ulizoandikiwa. Mkulima mmoja wa skimu yetu alitia ya kwanza, kesho yake maziwa yakawa safi, akaziweka mbili zilizobaki juu ya kabati "za siku nyingine". Vijidudu dhaifu vilikufa, vyenye nguvu vikabaki na kuzaana. Baada ya wiki mbili uvimbe ulirudi, na sasa dawa ile haikufaa kitu. Robo ilikauka. Ng'ombe ni wa mkopo. Anakamuliwa chuchu tatu, na deni bado ni la chuchu nne.

Je, maziwa ya ng'ombe huyu yaende wapi? Yamwage yote, hata ya chuchu zisizo na dawa, mpaka siku zilizoandikwa kwenye tyubu ziishe tangu dawa ya mwisho. Najua inauma kumwaga debe la maziwa watoto wakitazama. Lakini wako watu ambao penisilini huwadhuru, tena dawa hiyo huua chachu ya maziwa lala, na kopo lako moja laweza kuharibu tangi zima la ushirika. Ndama naye usimpe.

Ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho, na anayemkamua anawe kabla ya kushika kopo jingine.