Nyuzi za Gitaa la Kanisa



Wengi wenu mnaojiweka tayari kwa Ubatizo mmeombwa kusaidia uimbaji katika makanisa madogo ya vijiji vyenu. Mahali pengine pana ngoma na kayamba tu, na hayo yatosha. Mahali pengine pana gitaa moja, nalo ni mali ya waamini wote. Leo twataka kusema juu ya gitaa hilo, tena juu ya sehemu yake moja tu, yaani nyuzi. Mtu asidhani ya kuwa ni jambo dogo. Magitaa mengi yameharibika, si kwa kuanguka wala kwa kunyeshewa mvua, bali kwa kufungwa nyuzi zisizo zake.

Kabla ya yote, jueni kwamba gitaa haliingii kanisani kwa kupenda kwa mpigaji. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliisifu sana ogani, kisha ukakubali vyombo vingine pia, ikiwa vyafaa kwa ibada, navyo vyawasaidia waamini, na ikiwa wenye mamlaka katika Kanisa wametoa ruhusa. Kwa hiyo mwulizeni kwanza Padre wenu. Akiisha kukubali, someni haya yafuatayo.

Yalitokea katika kijiji kimoja cha Katanga. Akina mama wa kanisa walilima shamba la karanga, na kwa fedha ya mavuno wakanunua gitaa. Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni, jepesi, lenye sauti ya upole. Katika Kwaresima uzi mmoja ukakatika. Kijana aliyelipiga, mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, akatumwa mjini. Mwenye duka akamwonyesha nyuzi za chuma, tena zile nene, akamwambia kwamba zina sauti ya kulijaza kanisa zima. Kijana akafurahi, akanunua, akazifunga zote sita siku ya Jumatano Kuu. Kweli sauti ilikuwa kubwa, na watu wakamsifu.

Kesho yake ubao wa tumbo la gitaa ulianza kuvimba, nyuma ya kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi. Mzee mmoja seremala akaona, akamwuliza:

«Mwanangu, umelifunga nini gitaa hili?»

«Nyuzi mpya, baba.»

«Zilegeze.»

«Baba, nikizilegeza, Jumamosi nitapiga nini?»

Mzee akanyamaza. (Sisi twafikiri kwamba hakufanya vema kunyamaza.) Usiku wa Pasaka Padre akaanzisha Utukufu, kengele zikalia, na kijana akapiga kwa nguvu zake zote. Kibao kikang'oka, kikatoka na kipande cha ubao wa tumbo. Watu waliendelea kuimba kwa ngoma. Baadaye wakatekumeni wakabatizwa, na yule kijana mmojawao, akiwa na damu kidoleni kwa kuwa uzi ulimkata. Akina mama hawakumgombeza, lakini walihesabu kimya kimya vikapu vya karanga.

Kosa la kijana huyu halikuwa uvivu, wala hakuiba. Alitaka kumtolea Mungu sauti kubwa. Lakini aliuliza nyuzi zaweza kutoa sauti gani, wala hakuuliza gitaa laweza kubeba mzigo gani. Hilo la pili ndilo la kuulizwa kwanza.

Kila uzi uliokazwa huvuta. Nyuzi sita za nailoni, zikiisha kupandishwa kwenye sauti zake za kawaida, huvuta kwa pamoja uzito wa kilo 40 hivi. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida huvuta kilo 73 hivi. Fikirini mfuko wa saruji wa kilo 50: gitaa la nailoni halijabeba hata mfuko mmoja, lakini la chuma limebeba karibu mfuko mmoja na nusu, mchana na usiku, hata likiwa limetundikwa ukutani. Seremala alitengenezaye gitaa la chuma ajua mzigo huo. Chini ya ubao wa tumbo huweka mbao za kuutegemeza, aghalabu mbili kubwa zinazopishana kama msalaba uliolala upande. Na ndani ya shingo hupitisha fimbo ya chuma. Gitaa la nailoni lina vijiti vyembamba tu chini ya ubao wake, na aghalabu shingo yake haina chuma ndani. Lilifanywa hivyo kusudi ubao mwepesi utetemeke kwa mvuto mdogo. Si udhaifu, ndivyo lilivyokusudiwa.

Swali: Tutajuaje kama gitaa letu ni la nailoni au la chuma, nasi hatukuliona likinunuliwa?

Jibu: Tazameni kile kibao cha tumboni. Ikiwa nyuzi zinazungushwa na kufungwa fundo juu yake, ni gitaa la nailoni. Ikiwa kila uzi una kishanga cha shaba mwishoni, nao waingia katika tundu na kuzuiwa kwa kigingi kidogo, ni gitaa la chuma. Kisha pimeni shingo kwa mkono: ya nailoni ni pana na bapa zaidi. Tazameni na kichwa: cha gitaa la nailoni kwa kawaida kina mianya miwili mirefu, na nyuzi zazungushwa ndani yake, lakini ishara hii peke yake isiwatoshe, kwa sababu magitaa mengine ya chuma nayo yana kichwa cha namna hiyo.

Basi lililo la nailoni lifungwe nailoni daima, hata kama mwenye duka asema nini. Lililo la chuma likifungwa nailoni halitavunjika, ila sauti yake itakuwa ndogo kama ya mgonjwa.

Sasa tuseme juu ya unene. Nyuzi za chuma huuzwa kwa namba, na wapigaji huita kifungu chote kwa namba ya uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote: namba 10, 11, 12 au 13. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi. Uzi wa namba 10 una unene wa milimita 0.25, wa namba 12 una milimita 0.30. Macho hayaoni tofauti, lakini gitaa huiona. Maana kwa sauti ile ile na urefu ule ule, uzi ukiongezwa unene mara mbili, mvuto wake huongezeka mara nne. Ndiyo sababu uzi wa kwanza wa namba 12 huvuta karibu mara moja na nusu kuliko ule wa namba 10. Kifungu kizima cha namba 10 huvuta kilo 60 hivi, na cha namba 13 huzidi kilo 80.

Mashauri yetu ni haya. Gitaa la chuma lililo zee, au lililokwisha kugundishwa mara moja, au lisilojulikana asili yake, lipewe namba 10. Gitaa zima na imara lichukue namba 12, hasa ikiwa mpigaji hupiga nyuzi zote pamoja kuongoza watu mia kanisani. Namba 11 ni ya katikati, nasi twaipenda kwa vijana wanaojifunza, maana vidole vyao bado ni laini. Namba 13 tungependa ibaki dukani. Na anayechomoa nyuzi kwa vidole hahitaji unene. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alirekodi muziki wake mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ndio Likasi ya sasa, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na gitaa lake moja likasikika kama mawili.

Mkiwa na nyuzi za namba 12 tu na gitaa lenu ni dhaifu, pana njia. Shusheni nyuzi zote hatua nzima moja ya sauti. Mvuto utapungua kwa moja ya tano hivi. Kisha, ikiwa sauti imekuwa ya chini mno kwa waimbaji, lazeni kipande cha kalamu ya risasi juu ya shingo, katika nafasi ya pili, mkikaze kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sauti itarudi juu, na mzigo hautarudi.

Tufike kwenye madini yenyewe, na hapa watu wa Katanga watafurahi. Nyuzi mbili za kwanza za gitaa la chuma ni chuma kitupu. Nne zilizobaki zina chuma katikati, kisha zimezungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa. Katika aina moja, ambayo pakiti yake huandikwa 80/20, shaba ni sehemu 80 na zinki sehemu 20. Katika aina nyingine, iitwayo bronzi ya fosforo, shaba ni sehemu 92 hivi, bati sehemu 8 hivi, na fosforo kidogo sana. Zinki hupatikana Kipushi, bati Manono, na shaba nani asiyejua mahali pake? Hatusemi kwamba nyuzi za dukani zimetoka huko, lakini ni madini yale yale ambayo baba zenu waliyachimba. Ile ya 80/20 hung'aa sana kwa sauti siku za kwanza, kisha hufifia upesi. Ya fosforo ni nzito na tamu kidogo, nayo hukawia kuchakaa. Kwa kijiji kilicho mbali na duka twaichagua hiyo.

Kwa nini huzungushiwa? Kwa sababu sauti nene yahitaji uzi mzito, lakini uzi mzito wa chuma kitupu ni mgumu kama fimbo, hautetemeki vema. Waya wa kuzungushia huongeza uzito bila kuondoa ulaini. Hapo mtaelewa kwa nini waya wa breki ya baiskeli, ambao vijana wengi wameutumia kwa shida, hauwezi kuwa uzi wa sita. Nyuzi moja moja zilizofumuliwa humo zaweza kushika nafasi ya uzi wa kwanza kwa siku chache, walakini katika gitaa la chuma tu, kamwe si la nailoni.

Dukani mtakuta pia nyuzi za gitaa la umeme, zilizozungushiwa nikeli. Haziharibu gitaa la chuma, ila sauti yake ni baridi. Tena mara nyingi ni nyembamba mno.

Nailoni nayo ina habari yake. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa kondoo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ukaadimika, na Albert Augustine wa New York, akisaidiana na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia, akafanya nyuzi za nailoni katika miaka ya 1940. Tatu za kwanza ni nailoni tupu. Tatu nene zina nyuzinyuzi za nailoni ndani na waya wa shaba wenye rangi ya fedha nje. Jambo hili ni la faida kubwa kwenu mnaokaa karibu na Tanganyika au Moero, maana mshipi wa kuvulia samaki ni nailoni vilevile. Tafuteni mshipi mmoja mmoja usiosokotwa: wa milimita 0.70 kwa uzi wa kwanza, 0.80 kwa wa pili, na 1.00 kwa wa tatu. Zile tatu nene hamna budi kuzinunua. Gitaa la akina mama wale wa karanga, baada ya seremala kuligundisha, liliimba mwaka mzima kwa mishipi ya mvuvi.

Neno la mwisho ni juu ya wakati. Nailoni mpya hurefuka kwa siku kadhaa, na sauti yake hushuka kila saa. Atakayeifunga Jumamosi Kuu atageuza vigingi vya gitaa usiku kucha. Ifungeni kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwaresima yafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa siku hizo vyombo hutumika kwa kusaidia waimbaji tu. Nyuzi za chuma hutulia mapema zaidi, lakini nazo zipewe siku mbili. Badilisheni uzi mmoja baada ya mwingine, msizitoe zote mara moja. Mpigaji anawe mikono kabla, na akiisha kupiga azipanguse kwa kitambaa kikavu, maana jasho ndilo liletalo kutu. Nyuzi nene za chuma zilizofifia zaweza kuchemshwa katika maji dakika chache na kukaushwa sana. Zitapata uhai wa siku chache, hata sikukuu ipite. Za nailoni msizichemshe.

Andikeni katika daftari ya kanisa aina ya nyuzi, namba yake na tarehe ya kuzifunga, kusudi atakayetumwa mjini asitegemee maneno ya mwenye duka. Na ncha za chuma mnazozikata zitieni katika kopo, kwa sababu watoto huingia kanisani bila viatu.