Kuhamisha Tangi la Matumbawe: Uhai Umo Katika Mawe

Tangi la maji ya bahari lenye samaki na matumbawe ni chombo bora cha kufundishia baiolojia. Hata hivyo, tangi lililostawi kwa miaka mingi huweza kufa katika muda wa juma moja baada ya kuhamishwa. Kwa nini, ilhali maji ni yale yale na samaki ni wale wale?

Jibu limo katika viumbe tusivyoviona kwa macho. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Kazi hiyo huhitaji oksijeni. Bakteria hao huishi juu ya mawe, mchanga na chujio. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Basi anayehifadhi maji yote, kisha akaosha mawe kwa maji ya bomba yenye klorini, amehifadhi ganda na kutupa kiini.

Siku ya kuhamisha, fuata hatua hizi:

1. Andaa mapema maji mapya ya bahari, yenye chumvi na joto sawa na la tangi.
2. Weka mawe katika ndoo zenye maji ya tangi, yazame kabisa. Yakikauka, viumbe vyake hufa, huoza, na kuongeza amonia.
3. Weka matumbawe na samaki katika vyombo mbalimbali vilivyofunikwa, vyenye hewa ya kutosha.
4. Suuza mchanga kwa maji ya bahari, kwani uchafu uliojificha chini yake hutibuka.
5. Usiinue tangi lenye maji. Lita 100 za maji ya bahari huzidi kilo 102, na kioo huweza kupasuka.
6. Mahali papya, liweke juu ya meza imara iliyo sawasawa. Rudisha mchanga, mawe na maji, washa pampu, hakikisha joto ni kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Hapo ndipo urudishe matumbawe, na samaki mwisho.

Kwa majuma mawili, pima amonia kila siku na ulishe samaki kwa uchache. Amonia ikionekana, badili robo ya maji. Usiongeze samaki wapya katika kipindi hiki. Mwanga nao uongezwe polepole, kwa kuwa mwani mdogo uishio ndani ya matumbawe hudhurika kwa mabadiliko ya ghafla.

Kumbuka pia kwamba maji hugeuka mvuke, bali chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini.

Zoezi: Tangi lina lita 100 za maji, na kila lita ina gramu 35 za chumvi. Lita 10 zikigeuka mvuke, kila lita iliyobaki itakuwa na gramu ngapi? (Jibu: karibu 39.) Mwanafunzi aeleze hasara itakayotokea iwapo pengo hilo litajazwa kwa maji ya bahari kila juma.

Mwisho, matumbawe yasing'olewe baharini bila kibali. Mwamba mmoja hujengwa kwa karne nyingi. Tangi la shule lifundishe kuutunza, si kuuharibu.