Ali bin Hasan, Mfalme wa Kwanza wa Washirazi wa Kilwa

Wasomaji wetu waijua nchi ya Uajemi kwa vitabu vya Ezra na Esta, na jina la mfalme Koreshi si geni kwao. Lakini sisi tukaao kando ya barabara itokayo Lindi kwenda Kilwa tunaye mfalme mwingine asemwaye kuwa wa damu ya Kiajemi, naye yu karibu nasi zaidi. Huyu ndiye Ali bin Hasan, ambaye masimulizi humweka mbele ya masultani wote wa Kilwa Kisiwani. Wanafunzi wa Kitomanga huuliza kama kweli mji ule ulijengwa na wageni au na babu zao wenyewe. Mwalimu hawezi kujibu neno moja akaliacha hapo, maana hadithi na hakika zimechanganyika humo kama mchele na chuya.

Habari zake zimetufikia kwa njia tatu. Kitabu cha Kiarabu, kilichotungwa Kilwa katika karne ya 16, chasema kwamba sultani wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji. Akaona kuwa nchi yake itaharibika, akaondoka pamoja na wanawe sita kwa merikebu saba, na kila merikebu ikatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, na ya mwisho Komoro. Mreno João de Barros, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1552, ana habari nyingine. Yeye asema Ali alikuwa mwana wa mfalme Hasan kwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake, waliozaliwa na mama wa ukoo wa kifalme wa Kiajemi, walimdharau. Basi akaenda kutafuta nchi ambako hatadharauliwa. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili ya watu wa Kilwa wenyewe, yaliyoandikwa zamani za Wadachi. Hayo yamwita Ali bin Selimani, nayo yamtaja mwenye kisiwa aliyemkuta: Mrimba, mtu wa kabila la Machinga. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa watu wa pande zetu.

Panya wa chuma tumwache katika ndoto yake. Lakini angalieni jinsi habari hizo zinavyopatana katika jambo moja: kisiwa hakikutekwa kwa vita, kilinunuliwa kwa nguo. Yasemwa nguo zilitandazwa hata zikakizunguka kisiwa. Kitabu cha Kiarabu chaongeza kwamba yule aliyeuza alikusudia kurudi maji yakipwa, ili awaue wageni na kuzitwaa mali zao; nao wakauchimba mkono wa bahari hata watu wasiweze kuvuka tena kwa miguu. Chakiri pia kwamba Waislamu walikuwako kisiwani kabla ya merikebu kufika, na msikiti wao ulikuwa umekwisha kujengwa. Mwenye kuandika ili kumsifu mfalme hangekuwa na haja ya kutia neno hilo, kwa hiyo mimi naliona kuwa lenye uzito.

Je, mfalme huyu alikuwako kweli? Alikuwako mtawala wa jina hilo, maana sarafu zake zipo. Zimeandikwa kwa Kiarabu: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, nayo yamelinganishwa vina na jina, kama afanyavyo mtunga shairi. Hazina mwaka, wala neno Shirazi halimo. Waliohesabu kwa orodha za vitabu walimweka Ali karibu na mwaka 957. Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Kilwa mwaka 1958, alimsogeza mbele hata mwisho wa karne ya 12. Kisha, mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika Pemba, zikafukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Kwa sababu ya hazina hiyo, wataalamu wengi sasa huona kwamba Ali alitawala katika karne ya 11.

Chittick aliona tena kwamba watu walikaa Kilwa tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo, wakifinyanga vyungu vyao na kufua chuma. Basi mji ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko mfalme wake.

Habari za ukoo wake ni ngumu zaidi. Shirazi ilitawaliwa na nyumba ya Buya tangu mwaka 934 hata 1062, na katika ndugu watatu walioianzisha, mmoja aliitwa Ali na mwingine Hasan. Wengine wangependa kuunga hapo. Lakini majina hayo ni ya watu elfu, na jina peke yake si ukoo.

Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba, yaani alama za uzazi zilizomo mwilini, kutoka kwa mifupa ya watu 80 wa kale, kati yao waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ulionyesha kwamba wengi katika watu wa miji ya pwani walikuwa na mama zao wakuu Waafrika, na kwamba sehemu iliyotoka Asia ililetwa zaidi na wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Basi wale waliosema Washirazi ni uongo mtupu walikosea, na wale waliosema pwani ilijengwa na wageni walikosea vilevile.

Wazee wa Kilwa walikuwa wamekwisha kusema hivyo kwa njia yao. Katika masimulizi yao Ali alimwoa binti Mrimba, akazaa naye mwana, Muhammad. Kijana alipokua alikwenda kumzuru babu yake upande wa mama. Na watu wa Lindi, ambao kwao mtoto huhesabiwa kwa mama, hawatashangaa kusikia kilichofuata: Mrimba alimpa mjukuu wake utawala wa nchi yake.