SOMO: MTOTO ANASOMA, LAKINI JE, ANAELEWA?



Somo letu la leo linahusu jambo linalowasumbua wazazi wengi hapa Maua na vijiji vya Igembe. Ni mtoto anayesoma Kiingereza vizuri kwa mdomo, lakini hajui amesoma nini.

Jioni moja katika mkutano wetu tulimwita mtoto wa gredi ya 4 atusomee ukurasa mmoja wa kitabu chake cha sayansi. Alisoma bila kukwama, nasi tukapiga makofi. Kisha mama mmoja akamwuliza kwa Kimeru, "Sasa, mwanangu, kitabu kimesema nini?" Mtoto akainamisha kichwa. Hakuwa na jibu. Wengine wetu tumewahi kuwaita watoto kama huyu wavivu, hata kuwachapa. Kumbe kosa halikuwa lake.

SHIDA INATOKA WAPI?

Watoto wetu wengi wanaongea Kimeru nyumbani. Kiswahili wanakisikia sokoni na redioni. Kiingereza wanakutana nacho shuleni. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika darasa la 1 hadi la 3, kisha Kiingereza kishike kuanzia la 4. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, nao umefuata njia hiyo. Basi mtoto akifika gredi ya 4, hesabu na sayansi zinakuja kwa Kiingereza. Anajifunza lugha, na papo hapo anatakiwa kujifunza mambo mengine kwa lugha hiyo hiyo. Huo ni mzigo wa watu wawili kwenye kichwa kimoja.

Kuna vikwazo viwili.

Cha kwanza ni herufi. Katika Kiswahili, "a" ni "a" tu popote utakapoikuta. Katika Kiingereza, "a" ya "cat", ya "cake" na ya "ball" ni sauti tatu mbalimbali. Mtoto anayesoma Kiingereza kama Kiswahili si mjinga. Anafuata kanuni aliyofundishwa kwanza.

Cha pili ni Kiingereza cha kitabuni, ambacho si kile cha kusalimiana. Mtoto anajua "table" ni meza, lakini katika hesabu ni jedwali la namba. Anajua "volume" ni sauti ya redio, lakini katika vipimo ni nafasi ambayo kitu kinajaza. Mwingine anajua "mass" ni ibada ya Wakatoliki, na katika sayansi ni kile kinachopimwa kwa kilo. Akiulizwa "difference" ya 9 na 4, anaweza kueleza jinsi namba hizo zinavyoonekana, kumbe anatakiwa kutoa na kupata 5.

Tangu mwaka 2015 mpango wa Tusome uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu na kuwafundisha sauti za herufi kwa utaratibu. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini kutamka ni mlango tu. Mtoto asiyeelewa hukaa kimya, na akikaa kimya mwaka mzima anakata tamaa. Hapa kwetu shamba la miraa liko karibu, na pesa ya kuchuma inalipwa upesi. Tumeona wavulana wakienda huko na wasirudi darasani.

TUFANYE NINI?

1. Tuongee na watoto kwa Kimeru, tena kwa kirefu. Kuna wazazi wanaokataza Kimeru nyumbani ati Kiingereza kiingie haraka. Lakini mtoto anayeweza kueleza kwa Kimeru kwa nini maji yanapungua kwenye sufuria yakichemka, huyo tayari ana hoja. Shuleni atatafuta maneno tu. Asiye na hoja atatafuta vyote viwili.

2. Akisoma, asimulie. Tumwulize maswali matatu: Ni habari ya nani au ya nini? Kulitokea nini? Kwa nini? Ajibu kwanza kwa Kimeru au Kiswahili, kisha ajaribu kwa Kiingereza. Hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali haya.

3. Maneno machache kwa wiki. Sisi tulianza na maneno 20 kwa siku, na wiki iliyofuata yote yalikuwa yamesahaulika. Sasa tunachagua matano. Tunakata katoni kuukuu, upande mmoja neno, upande wa pili picha na sentensi moja. Neno likiwa na maana mbili, tunaandika zote mbili.

4. Tuwafundishe maneno ya maswali. "Compare" maana yake linganisha, "explain" maana yake eleza. Mpe mtoto punje ya mahindi na ya maharagwe, umwambie alinganishe rangi, ukubwa na umbo. Mtoto mkubwa anayejua Kiingereza amsaidie kuisema sentensi nzima.

5. Kikundi kiwe na sanduku la vitabu. Tukitenga kidogo kutoka kwa mchango wetu wa kila mwezi, tutapata vitabu vichache vya hadithi. Mtu mmoja aandike nani amechukua nini. Watoto wasome mapema kabla giza halijaingia.

6. Tumwone mwalimu. Tukienda shuleni tusiulize tu, "Amekuwa namba ngapi?" Tuulize, "Anaelewa anachosoma? Anakwama wapi?" Mwalimu mwenye darasa kubwa atafurahi kupata mzazi wa kushirikiana naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

– Nyumbani kwetu watoto wanaongea na nani kwa kirefu, na saa ngapi?
– Je, kuna mtoto kijijini aliyeacha shule baada ya gredi ya 4? Nani kati yetu atamtembelea?
– Sanduku la vitabu tutaliweka kwa nani?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amsikilize mtoto mmoja akisoma ukurasa mmoja, kisha amwulize yale maswali matatu. Akishindwa, tusimgombeze. Tukae naye tuanze pale alipokwama. Haba na haba hujaza kibaba.