Laki Moja Mkononi, Njaa Mlangoni

Wadogo zangu, leo tuna swali moja tu, maana linarudi kila mara kwa sura nyingine. Mmoja amefiwa na baba aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba. Mwingine alipata mimba akiwa sekondari, na nyumbani wamemsusa. Mwingine amemaliza chuo, na bahasha ya vyeti imechakaa kwa kuzungushwa maofisini. Kila mtu na yake, lakini wote wanaishia hapa: "Dada, nina laki moja. Nifanye biashara gani?"

Nitajibu, ila na mimi nina langu la kuuliza kwanza. Hiyo laki ikishaingia kwenye biashara, wewe utakula nini?

Usinione mkorofi. Nauliza kwa sababu nimeona mitaji mingi ya vijana ikiishia jikoni. Laki hiyo hiyo ndiyo inanunua bidhaa, ndiyo inanunua unga, ndiyo inaweka Luku, ndiyo inampeleka mtoto zahanati. Jumatatu ni mtaji, Alhamisi ni mboga. Mwezi ukiisha kijana anasema biashara ina gundu, au jirani ana husuda. Mdogo wangu, hakuna aliyekuroga. Uliula mtaji, na uliula kwa sababu ulikuwa na njaa, jambo ambalo si dhambi. Lakini tusilifumbie macho.

Mnapenda kusimuliana habari za marehemu Reginald Mengi, mtoto wa Machame aliyekulia katika umaskini akaja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa nchini. Kwenye simulizi hiyo kila mtu anakumbuka kalamu: miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, alianza kuunganisha kalamu za kuandikia nyumbani kwake, na biashara ikakua kutoka hapo. Sehemu inayorukwa ni kwamba wakati huo alikuwa mhasibu mwenye cheo katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand. Chakula cha nyumbani kilikuwa na mahali pengine pa kutoka, kwa hiyo fedha ya kalamu iliweza kurudi kwenye kalamu. Wewe na mimi hatuna cheo hicho, lakini kanuni ni ile ile. Tafuta kwanza kitu kitakacholisha tumbo, ili mtaji upate nafasi ya kupumua.

Kitu hicho ni kibarua. Najua hamlipendi neno hili, hasa wenye shahada. Osha vyombo kwa mama lishe. Shinda dukani kwa mtu. Suka nywele majirani. Shika bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku. Fua nguo za watu wasio na muda. Elfu tatu au nne ya jioni itanunua chakula chako, na ile laki itabaki laki. Tena kibarua kina faida ya pili ambayo hulipii ada: ukikaa kwa mama lishe utajua mchele anaununua wapi, kwa bei gani, wateja wanajaa saa ngapi, nani hulipa na nani huandikiwa. Wengi huanza biashara bila kuyajua hayo, kisha hujifunza kwa gharama ya mtaji wao.

Kwa mdogo wangu uliyekatishwa masomo na ujauzito, naomba unisikilize kidogo pembeni. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia wasichana kama wewe mlango wa kurudi shule. Kama una mtu wa kukushikia mtoto, fikiria hilo kabla ya genge la nyanya, maana nyanya zitakuwepo hata ukishamaliza kidato cha nne. Na wewe uliyejifunza ufundi gereji au kwa fundi cherehani bila kukanyaga darasa, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa kile unachokifanya kwa mikono, ukifaulu unapata cheti. Cheti hicho kinaweza kukufungulia kazi ambazo mteja hataki kumpa fundi wa mtaani.

Haya, tufanye kwamba tumbo limepata pa kuegemea. Sasa tupige hesabu, na tuanze na chapati kwa sababu kila mtu anadhani anaijua.

Tuseme unanunua kilo tatu za ngano kwa 6,000, mafuta lita moja 5,000, mkaa 2,000, chumvi na vifungashio 1,000. Jumla 14,000. Kilo tatu zikupe chapati 36, uuze 500 kila moja, upate 18,000. Faida 4,000. Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari na kucheka.

Fungua tena. Wadogo zako wamekula nne asubuhi. Fundi wa jirani kachukua tatu, atalipa Ijumaa. Mbili zimebaki hadi usiku na zimekauka. Hizo ni tisa, na tisa mara 500 ni 4,500. Mkononi una 13,500, wakati ulitoa 14,000. Umeamka saa kumi alfajiri, umesukuma, umeungua mkono, umetabasamu na wateja, na umepata hasara ya shilingi mia tano. Wala hakuna mwizi aliyepita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kurasa 48, uandike kila jioni kabla hujalala: ulichonunua, ulichouza, kilicholiwa nyumbani, kilichokopwa, kilichobaki. Andika hata chapati uliyokula wewe mwenyewe. Wiki mbili za kuandika zitakuonyesha kama ukaange 36 au 28, na kama fundi wa jirani ni mteja au ni mzigo.

Kisha jipangie ujira. Kama faida halisi ya siku ni 4,000, jilipe 2,500 ambayo ni yako, kula, vaa, weka vocha. Ile 1,500 usiiguse, ni ya biashara. Fedha ya biashara iwe na laini yake ya simu au lipa namba yake. Ukizichanganya kwenye laini moja, kila ukiangalia salio utajiona una hela, na kila anayekuomba utaona unayo ya kumpa.

Daftari hilo litakusaidia hata kwa TRA, wala usikunje uso. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure. Kwa mfanyabiashara mdogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Lakini angalia, ni mauzo, si faida. Chapati zetu za 18,000 kwa siku, ukifanya siku 300, ni milioni 5.4. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani hapa 42,000. Daftari la bei ya chapati mbili tatu limekuokolea 58,000. Viwango hubadilika Bunge likipitisha Sheria ya Fedha, kwa hiyo pita ofisi ya TRA ya wilaya uulize vya mwaka huu.

Najua wapo watakaosema, "Dada, hiyo laki yenyewe sina." Kwa hao kuna uwinga. Ukienda Kariakoo utawakuta mawinga wamejaa: winga hana duka wala mzigo, ana simu na miguu. Anapiga picha nguo au viatu kwenye duka la mtu, anaweka kwenye status ya WhatsApp, mteja akilipa ndipo anachukua mzigo, anaongeza chake kidogo, anautuma kwa boda au kwa basi la mkoani. Mtaji wa winga ni uaminifu, na uaminifu una masharti yake. Piga picha kile unachouza, usichukue picha nzuri kutoka mtandaoni ukapeleka kitambaa kinachochuja. Mteja akilipa kisha ukakuta rangi imeisha, mpigie na umrudishie hela yake siku hiyo hiyo. Na mwenye duka akianza kukupa mali kauli, yaani unachukua leo unalipa ukishauza, irudishe hela yake kabla hajakukumbusha. Hapo umeshapata mkopo usio na riba bila kuandika barua.

Tumeshafika kwenye mikopo, tuongee wazi. Mikopo ya kausha damu haianzishi biashara. Chukua mfano: unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 130,000, riba ya asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Sasa rudi kwenye chapati zetu: siku ikienda vizuri kabisa faida ni 4,000, na marejesho ni 5,000. Ile elfu moja utaitoa wapi? Kwenye mtaji, au kwenye kausha damu nyingine, na huo ndio mlolongo unaowafanya watu wahame mtaa usiku. Wakopeshaji wa kwenye simu ni wale wale, wamebadili mlango tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Kabla hujapakua programu yoyote inayotaka kusoma namba za ndugu zako, uliza kwanza kama ina leseni.

Mkopo usiouma upo. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Wanawake na vijana huomba kupitia kikundi kilichosajiliwa, na hapo ndipo pa kuwa makini. Kikundi kilichoundwa Jumatatu kwa ajili ya mkopo wa Ijumaa huvunjika fedha zikigawanywa, na deni linabaki kwa wale wasioweza kukimbia. Anzeni na mchezo. Mkiweza kucheza upatu mzunguko mzima, kila mtu akitoa kwa wakati na kijumbe asipate kisingizio, mtakuwa mmejuana. Mwenye kusuasua kwenye elfu mbili za mchezo atawazamisha kwenye milioni za halmashauri.

Halafu kuna ndugu. Ukianza kuuza hata ubuyu, ukoo mzima utasikia kwamba umetoboa. Shangazi ataomba nauli, kaka ataomba akopeshwe kidogo, na wewe uliyelelewa kwa mikono yao utaona aibu kukataa. Sikushauri uwe mchoyo, kwa sababu siku utakapougua ni hao hao watakaokubeba. Msaada utoke kwenye ujira wako. Sema kwa adabu: "Shangazi, shikamoo. Kwa leo nina elfu mbili yangu hii hapa, ile nyingine ni ya mzigo." Atanung'unika, atazoea. Ukimpa ya mzigo, mwezi ujao wote wawili mtakuwa mnaomba nauli.

Mwisho, hata ukifanya yote hayo unaweza kuanguka. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, la Karume likaungua Januari 2022, na watu waliolala na mzigo waliamka na majivu. Kwa hiyo usiweke kila shilingi kwenye bidhaa. Weka akiba ndogo kwenye simu au benki. Namba za wateja wako ziandike mahali pawili, na heshima yako kwa wauzaji wa jumla ilinde, kwa sababu hivyo viwili haviungui na ndivyo vitakavyokurudisha barabarani. Na ukianguka, rudi kwenye kibarua bila kuona haya. Ni mahali pa kuvuta pumzi.

Kazi za wiki hii ni mbili. Kwanza, andika kwa siku saba kila shilingi unayokula, ujue tumbo lako linagharimu kiasi gani kwa siku, maana hicho ndicho kibarua chako kinatakiwa kulipa kabla mtaji haujaguswa. Pili, nenda ofisi ya kata, mwone afisa maendeleo ya jamii, muulize dirisha la mikopo ya asilimia 10 linafunguliwa lini na kikundi kinasajiliwaje. Kuuliza hakulipiwi, na ofisi hiyo iko hapo kwa ajili yako.