Mwongozo wa Kupaka Epoksi Sakafu ya Gereji

Epoksi ikibanduka, lawama huangukia rangi, ilhali kosa aghalabu liko kwenye zege lililopakwa likiwa na mafuta, unyevu au uso laini mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kopo kufunguliwa.

1. Kukagua sakafu

Zege jipya liachwe likomae kwa siku zisizopungua 28. Kwa sakafu ya zamani, dondosha maji sehemu mbalimbali. Yakinywewa upesi, zege litashika; yakisimama juu kama shanga, pana mafuta, au uso umezibwa na rangi ya zamani. Kisha bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au zege limekoza rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Usipake mpaka chanzo chake kishughulikiwe.

2. Kutayarisha

Sugua oili na grisi kwa sabuni ya kuondoa mafuta, suuza, kisha rudia kipimo cha matone. Kwaruza uso kwa mashine ya kusaga zege yenye meno ya almasi, hadi kiganja kikipita kihisi ukwaruzo wa msasa. Wapo wanaotumia asidi, lakini asidi haiondoi mafuta na mvuke wake hudhuru mapafu. Ukilazimika kuitumia, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Ziba nyufa, kisha nyonya vumbi kwa mashine. Ufagio pekee hautoshi.

3. Kuchanganya na kupaka

Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kupunguza kigumishi ili kununua muda huacha sakafu inayonata. Koroga kwa drili ya mwendo wa polepole kwa takriban dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo. Mchanganyiko ukibaki ndooni hujipasha moto na kuganda haraka, hivyo umimine sakafuni mara moja kwa mistari, uutandaze kwa rola. Kingo zipakwe kwa brashi. Anzia kona ya mbali, umalizie mlangoni.

Zege linapopata joto hutoa hewa, nayo huacha vipovu kwenye epoksi. Ndiyo maana alasiri, joto likishuka, ni bora kuliko asubuhi, mradi umalize kabla ya umande. Koti la pili lipakwe ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo. Ukipita, piga msasa kwanza.

4. Usalama

Vaa glavu za nitrili, miwani na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na uache milango wazi. Epoksi ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, si kwa thina. Mzio wa epoksi ukishaingia mwilini, kwa kawaida hudumu maisha.

5. Kufungua sakafu

Kwa epoksi nyingi, watu hupita baada ya saa 24, magari baada ya siku 7 hivi. Tairi lenye joto la barabarani hung'oa epoksi isiyokomaa. Mweleze mteja hivyo kabla ya kuanza kazi, na tarehe ya kuingiza gari iandikwe kwenye makubaliano.